Nyarugusu Miaka 30: Historia ya Kambi Katika Magari ya Kuchezea

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996 katika pori la miombo karibu na Makere, wilayani Kasulu. Novemba 2026 inatimiza miaka 30. Makala za kumbukumbu za taasisi zina mazoea yake: jiwe la msingi, picha za waliowahi kuongoza, kisha majedwali. Nyarugusu haina jiwe la msingi, na majedwali yake yamejaa kwenye makabati ya mashirika: kaya ngapi, mahema mangapi, lita ngapi za maji kwa mtu kwa siku. Mimi nimechagua kuiandika kwa kufuata kitu ambacho hakijapata safu kwenye jedwali lolote, ingawa ukipita kambini jioni huwezi kukikosa. Ni magari ya kuchezea yanayotengenezwa na watoto wenyewe.

Mtoto wa Nyarugusu hatengenezi gari ilimradi gari. Anatengeneza Land Cruiser ile ndefu ya milango miwili ya nyuma, au Fuso ya mizigo, au lori la kuleta mahindi lenye ekseli mbili nyuma, au basi la Kigoma mjini. Mwenzake akiliona analitambua kabla hajaambiwa. Kama kabini imesogea mbele mno, au tairi za nyuma ni pungufu, atasema hapohapo, na hatatafuta maneno laini. Kuna kipimo, kuna wahakiki, kuna mafundi wanaojulikana zoni nzima ya kambi na wadogo wanaowazunguka ili wajifunze. Kwa hayo yote mimi naiita taasisi, hata kama haijasajiliwa popote.

Tuliangalie gari lenyewe kwanza. Bodi ya Land Cruiser hukatwa kwenye dumu la plastiki la mafuta ya kula. La njano lipo kwa wingi, lakini jeupe ndilo linalotafutwa, kwa sababu magari ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni meupe. Fundi huchora kwa mkaa au ncha ya msumari ubavu mmoja, paa na ubavu wa pili, vyote kwenye kipande kimoja, ili akikunja apate sanduku lenye maungio machache. Madirisha hukatwa kwa wembe, au kwa kisu kilichopashwa moto. Plastiki ya dumu haishiki gundi, kwa hiyo maungio hushonwa: spoki ya baiskeli inawekwa kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, inatoboa matundu mawili mawili, kisha waya mwembamba unapitishwa na kusokotewa ndani ili usionekane. Chesisi ni vijiti viwili vilivyonyooka. Ekseli ni spoki au kipande cha waya mnene. Magurudumu hutoka kwenye soli ya ndala iliyochoka, inayokatwa duara kwa kufuata mfuniko wa chupa. Kwa lori fundi mzuri hubandika soli mbili pamoja, tairi ipate unene. Ukanda wa tyubu ya baiskeli unafungwa kati ya chesisi na ekseli, na hiyo ndiyo springi. Mwisho kabisa inakuja antena. Magari ya mashirika yalibeba kwa miaka mingi antena ndefu ya redio iliyopindwa kutoka bampa ya mbele hadi juu ya paa, na sijaona Land Cruiser ya mtoto aliyejali kazi yake ikakosa waya huo.

Halafu kuna usukani. Ekseli ya mbele hufungwa kwenye fimbo ndefu inayofika kifuani mwa mtoto, na juu ya fimbo kuna duara la waya. Mtoto anatembea wima nyuma ya gari, anakata kona, anarudi nyuma, anakwepa shimo. Nimelitazama jambo hili mara nyingi na bado linanivutia. Mtengenezaji ametatua tatizo la kweli la ufundi, yaani namna ya kupeleka nguvu ya mkono kutoka juu hadi kwenye ekseli bila gari kupinduka, na amelitatua kwa fimbo, waya na tyubu. Magari ya mfano yanayouzwa madukani Ulaya na Japani yametengenezwa kwa ajili ya kukaa kabatini. Hili limetengenezwa kwa ajili ya udongo mwekundu wa Kasulu baada ya mvua.

Ufundi huu haukuzaliwa kambini. Waha walikuwa nao, Wabembe walikuja nao kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Warundi waliufahamu kwao. Vijijini Kasulu na Kibondo gari la mtoto lilikuwa la vijiti, mabua, matete na magurudumu ya kuchonga, na umbo lake lilifuata kile kilichopita barabarani. Mwaka 1972, wakati wa Operesheni Kigoma, kaya nyingi za mkoa huu zilihamishiwa vijiji vya ujamaa, na malori yalikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mwaka huohuo Warundi waliokimbia mauaji kwao walivuka mpaka, na wengi wao wakaishia kwenye makazi ya Katumba na Ulyankulu, na baadaye Mishamo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na Kibondo ikafunguliwa kambi moja baada ya nyingine: Kanembwa, Mkugwa, Mtendeli, Nduta, Karago. Katika nyanda hizi mambo makubwa yamefika mara nyingi yakiwa juu ya lori. Ukimkuta mtoto wa huku anajua kuhesabu ekseli za lori kabla hajaanza darasa la kwanza, kumbuka hilo.

Nyarugusu yenyewe ilitokana na vita ya Kongo. Oktoba 1996 mapigano yalishika kasi Kivu Kusini, na Uvira ikaanguka kabla mwezi haujaisha. Watu wa Uvira, Fizi na Baraka waliingia kwenye boti na mitumbwi, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapandishwa nyanda za juu kwa magari. Kambi ilipangwa kwa ajili ya Wakongomani, na kwa karibu miaka 20 ilibaki hivyo, ikiwa na watu zaidi ya 50,000. Nyumba za udongo zilichukua nafasi ya mahema. Miti iliyokatwa kwa ajili ya kuni ilisogeza pori mbali. Shule zilifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na makanisa yakaota kila upande.

Miaka ile ya mwanzo malighafi kuu ya mafundi wadogo ilikuwa kopo. WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, liligawa mafuta ya kula, na sehemu ya mafuta hayo ilikuja kwenye makopo ya bati ya lita nne yenye maandishi ya Marekani, rangi ya bluu na nyekundu. Mafuta yakiisha, kopo lilikuwa na kazi nyingi: kibatari, grili, kiraka cha mlango. Kilichobaki kilikuwa cha watoto. Kopo likifunguliwa na kunyooshwa kwa jiwe linatoa bati safi la kutosha kabini na sehemu ya bodi, na fundi mwenye jicho alipanga kukunja kwake ili maandishi yaangukie mlangoni, mahali palepale ambapo gari halisi la shirika huandikwa jina. Hapo ndipo naona akili ya pekee ya magari ya Nyarugusu. Lori la bati linaloiga lori la chakula limetengenezwa kwa kopo la chakula kilichobebwa na lori lile halisi. Turubai la mgongoni ni kipande cha turubai la nyumba. Mtu akikuletea gari la namna hiyo leo unaweza kusoma humo posho ilikuwa nini, nani aliitoa, na ilifika kwa chombo gani.

Ng'ambo ya bahari kuna watu wazima mamilioni wanaofanya kazi ya jamaa moja na hii. Wanaita burudani. Wananunua sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyoshikamana kwenye fremu, wanavikata kimoja kimoja, wanavisugua, wanavipaka rangi na kuviunganisha kwa gundi mpaka wapate gari kamili lililopunguzwa mara 24 au 25. Wengine hukusanya masanduku kwa mamia na kuyaacha bila kufunguliwa. Kampuni iliyoifanya burudani hiyo ipendwe na watoto wa Uingereza ni Airfix, na historia yake ina jambo ambalo mtu wa Nyarugusu angelisikia vizuri. Mwanzilishi wake, Nicholas Kove, alikuwa Myahudi wa Hungaria aliyekimbilia Uingereza. Mwaka 1939 alianzisha kampuni yake London, ikaanza na vitu vya kuchezea vya mpira vya kujaza upepo, na baada ya vita ikageukia vitana vya nywele. Ilikuwa na mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwenye kalibu, teknolojia ngeni wakati ule. Mwaka 1949 kampuni ya matrekta ya Ferguson ilitaka trekta dogo la mfano kwa ajili ya maofisa wake wa mauzo. Airfix ilitengeneza kalibu ya vipande, kazi ya kuviunganisha ikawa ghali, na baadaye ikaonekana vyema kumwachia mnunuzi aunganishe mwenyewe. Mwaka 1952 ikafuata merikebu ndogo, ikauzwa kwenye mfuko wa plastiki kwa shilingi mbili katika maduka ya Woolworths.

Trekta lile dogo lilitoka wakati Tanganyika ikiwa na matrekta makubwa yaliyoshindwa. Mpango wa Karanga, wenye mashamba Kongwa, Nachingwea na Urambo, mashariki yetu hapa, ulikuwa ukipigana na visiki na ardhi ngumu kwa mashine zilizojumuisha vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliufuta. Nayataja hayo mawili pamoja kwa sababu yalitoka nchi moja, miaka ileile, na kwa sababu yananisaidia kueleza thamani ya gari la mfano. Anayeunda gari dogo analazimika kuelewa sehemu zake zinavyoshikana, na kama ardhi inalikataa atajua siku hiyohiyo.

Wamarekani walipitia njia hiyohiyo. AMT ilianza mwaka 1948 kutengeneza magari madogo ya kuwasaidia wauzaji wa magari halisi, na kipimo cha 1:25 kikakaa kwao mpaka leo. Japani ina Tamiya ya Shizuoka, iliyoanza mwaka 1946 kama kampuni ya mbao. Ilitengeneza mifano ya mbao kwanza, kisha miaka ya 1960 plastiki ikaishinda mbao sokoni nayo ikahamia huko. Mwendo huo wa kutoka mti kwenda plastiki watoto wa Kasulu waliupita pia, baadaye kidogo na bila mtaji. Madumu yalipoenea kila nyumba, vijiti vilibaki kwenye chesisi tu.

Ukitaka kulinganisha vipimo, chukua Land Cruiser ya kubeba watu, yenye urefu wa mita tano na ushee. Kwa kipimo cha 1:24 inakuwa na sentimita 21 hivi, inakaa kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Ya Nyarugusu mara nyingi huwa nusu mita, yaani karibu 1:10. Kinachoamua ukubwa huo ni dumu. Ubavu wa dumu la lita 20 hutoa urefu fulani na hauongezeki, na vipimo vingine vyote vinafuata hapo: gurudumu lazima lilingane na dirisha, dirisha na mlango. Mafundi hawa hawana rula. Wanapima kwa vidole na kwa jicho, wakikumbuka gari lililosimama kwa dakika chache mbele ya ofisi ya kambi. Mpenzi wa magari ya mfano wa London ana michoro, picha za kila upande na vipande vilivyokwisha kupimwa na mhandisi. Mtoto wa zoni ana kumbukumbu. Nimeona matokeo ya pande zote mbili na nasema bila kusita kwamba kazi ya kukumbuka uwiano ni ngumu kuliko kazi ya kufuata karatasi ya maelekezo.

Kigoma ina mfano mmoja wa chombo kilichofika vipande vipande kwenye masanduku, nao ni mkubwa kuliko yote. Meli ya Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa kwenye reli mpya iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu kutoka Papenburg walisimamia vibarua wengi wenyeji kuiunganisha upya kwa ribiti, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wakipaka mitambo grisi ili isishike kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ina urefu wa mita 71.

Na meli hiyohiyo ndiyo inayotuleta kwenye sura ya pili ya Nyarugusu. Aprili 2015 Burundi iliingia kwenye machafuko baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangaza kugombea muhula wa tatu. Maelfu kwa maelfu walishuka milima hadi Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani kabisa, kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisichofikika kwa gari. Kipindupindu kikaingia. Liemba, ikiwa na miaka 100 tangu ishushwe majini, ilikwenda na kurudi ikibeba watu hadi Kigoma. Kutoka bandarini walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka uwanjani mabasi yakawapandisha Nyarugusu. Kambi iliyokuwa ya watu elfu hamsini na kitu ikazidi 150,000 kabla mwaka haujaisha, ikawa miongoni mwa kambi kubwa zaidi duniani. Makanisa na madarasa yaligeuzwa mabweni. Oktoba mwaka huo Nduta ikafunguliwa upya wilayani Kibondo ili kuipunguzia mzigo, na Januari 2016 Mtendeli, ambayo kwa sasa ipo wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012.

Kwa mafundi wadogo huo ulikuwa msimu wa mabasi. Msafara wa mabasi kumi ukishusha watu mbele ya macho yako wiki baada ya wiki, lori halitoshi tena. Basi ni kazi ngumu kuliko Land Cruiser. Lina madirisha mengi, na kila dirisha linalokatwa linadhoofisha ubavu. Ukikata yote kwa usawa basi linalegea na kupinda katikati. Waliojua walikata madirisha madogo kuliko yanavyopaswa na kuongeza fito ya matete kwa ndani, sambamba na mstari wa viti. Juu wakaweka keria ya waya, na juu ya keria mizigo: godoro la sponji, dumu dogo la kizibo cha chupa, na safari nyingine baiskeli ya waya yenye urefu wa kidole. Warundi walileta ustadi wao wa waya, Wakongomani walikuwa na ustadi wa bati na plastiki, na ndani ya zoni zilizochanganyika ukaanza kuona gari moja lenye mikono ya nchi mbili.

Nduta ilikuwa na tabu yake. Kambi ilifunguliwa mvua zikianza, barabara za udongo za Kibondo zikawa matope, na malori yakakwama. Watoto wakatengeneza malori yaliyokwama. Wanachimba mtaro, wanamwaga maji, wanaingiza lori mpaka ekseli, kisha lori la pili linakuja na kamba ya mgomba kulivuta. Nasisitiza jambo hili kwa wale wanaopanga michezo ya watoto makambini na kuleta vitu vya kuchezea vya dukani: angalieni kwanza watoto wanacheza nini. Mchezo wa lori kuvutwa una kazi za kugawana, una dereva, utingo na mpiga jeki, na una mwisho unaowafurahisha wote.

Wasichana wamekuwa wachache katika karakana hii, na sababu inajulikana. Saa ya kutengeneza gari ni saa ya foleni ya maji na ya kutafuta kuni, na kazi hizo zimewaangukia wao. Wanaotengeneza hutengeneza vizuri, hasa ushonaji wa maungio, unaofanana na ususi. Sioni sababu ya kuandika kumbukumbu ya miaka 30 nikaficha hilo.

Jambo jingine linalopaswa kusemwa ni sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa, na anayetaka kutoka nje ya kilomita chache za kambi anahitaji kibali. Kwa hiyo wapo vijana waliozaliwa Nyarugusu, wamefika umri wa kuoa, na gari walilopanda maishani mwao ni la hospitali au hakuna kabisa. Lakini wanaijua Scania kwa sauti ya injini. Walizijua barabara kwa vitu vilivyoingia kupitia barabara hizo, wakaviunda upya kwa vipimo vyao. Tangu 2015 maelfu ya Wakongomani wa kambini wamehamishiwa Marekani, wakakuta huko maduka yenye rafu nzima za masanduku ya AMT na Tamiya. Mtu aliyewahi kushona Land Cruiser kwa waya akilifungua sanduku la namna hiyo, karatasi ya maelekezo haitamsumbua.

Kambi hufungwa, na zikifungwa vitu vya watoto ndivyo vya kwanza kupotea. Lugufu ilifungwa mwaka 2009 na Wakongomani wake wakaletwa Nyarugusu. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na Warundi wake wakarudishwa kwao. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Kila mara watu walipewa nafasi ya mizigo ndani ya gari: godoro, sufuria, mbuzi kama yupo. Gari la dumu la nusu mita lenye fimbo ya usukani halipati nafasi. Linaachwa kwenye ukuta wa nyumba inayobomolewa, plastiki inakauka kwa jua, inapasuka kwenye matundu ya waya, na baada ya misimu miwili ya mvua hakuna kinachobaki isipokuwa spoki zenye kutu. Sijui jumba la makumbusho hata moja nchini lenye safu ya magari haya yaliyopangwa kwa miaka na kwa kambi.

Hilo linaniuma, kwa sababu kukusanya si jambo geni kwetu. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yanatunza magari halisi ya viongozi wa zamani, likiwemo Rolls-Royce, na wageni huyazunguka kwa heshima. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa sababu nchi hii ilipokea wakimbizi na kuwapa ardhi. Kazi hiyo ya kupokea iliendelea katika wilaya kama Kasulu na Kibondo, na kitu kinachoweza kuionyesha kwa mgeni wa jumba la makumbusho kinatengenezwa huku kila siku kwa gharama ya ndala moja iliyokatika.

Upande wa vijiji wenyeji mambo yanasonga pia. Ujenzi wa lami kwenye barabara ya Kigoma, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi umeleta mitambo ambayo watoto hawakuwahi kuiona kwa karibu: greda, shindilia, tipa la kokoto. Tipa ndilo linalowashughulisha mafundi kwa sasa, maana linataka bodi inayoinuka. Wapo wanaotumia mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji. Ukisukuma moja kwenye usukani, jingine linainua bodi na mchanga unamwagika. Mwalimu wa fizikia wa sekondari anaweza kufundisha somo zima la shinikizo la vimiminika kwa tipa hilo moja, na ningependa kuona wakifanya hivyo. Bodaboda na bajaji zimeingia pia kwenye orodha. Bajaji inapendwa kwa sababu ina magurudumu matatu tu na ndala moja inatosha.

Pendekezo langu kwa mwaka huu wa kumbukumbu ni la kazi ndogo. Halmashauri za Kasulu na Kibondo, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa na mashirika yaliyomo kambini, zinunue magari kutoka kwa mafundi wadogo kwa bei ya haki, wa kambini na wa vijijini pamoja. Yasipakwe rangi mpya wala kusafishwa udongo. Kila gari liandikiwe kadi: limetengenezwa mwaka gani, zoni au kijiji gani, linaiga gari lipi, limetokana na nini, na fundi akipenda, jina lake. Wazee waliotengeneza magari ya mabua zama za Operesheni Kigoma bado wapo Kibondo, na mikono yao bado inakumbuka. Waombwe watengeneze tena, wakiwa na muda wao na posho yao. Na waliokuwa watoto Nyarugusu mwaka 1996, ambao sasa ni baba na mama wa mafundi wa leo, waulizwe kuhusu lori la makopo: walikunja vipi bati, maandishi yaliangukia upande gani, magurudumu walipata wapi kabla ndala hazijawa nyingi.